Anza na Kutua: Mwongozo wa Kujenga na Kurusha Ndege kwenye Kompyuta Ukiwa Sigor

Ndege ya kwanza unayojijengea kwenye kompyuta karibu kila mara itaruka. Utaipa injini kubwa, utaichagulia mabawa yanayopendeza macho, utaongeza moto, nayo itaondoka ardhini. Taabu huanza unapotaka kuirudisha. Inapita juu ya uwanja kwa kasi, inagusa lami, inadunda, inagusa tena na kuishia vichakani ng'ambo ya pili. Kijana aliyeketi mbele ya skrini anaamua kwamba kutua kunahitaji kipaji ambacho yeye hakupewa. Si kweli. Mara nyingi ndege hiyo ilikwisha kushindwa kutua tangu ilipokuwa mchoro, kwa sababu aliyeijenga hakujiuliza itatua wapi, wala hakuwa amewahi kutua ndege nyingine kabla ya yake.

Mwongozo huu ni wa vijana wa Sigor na Chepalungu yote, pamoja na wenzao wa Bomet na Kericho, walio shuleni, kwenye vyuo vya ufundi au nyumbani, na ambao wana hamu ya ndege. Vitabu na video nyingi za mafunzo hutoka nchi ambazo viwanja vyake viko karibu na usawa wa bahari. Sisi hatuishi huko. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Sigor, ingawa iko chini ya hapo, bado iko juu kuliko uwanja wa Kisumu wenye mita 1,157. Tofauti hiyo inabadilisha ukubwa wa bawa, nguvu ya injini na urefu wa lami unaohitaji. Anayefuata somo la watu wa pwani neno kwa neno atajenga ndege ya pwani.

Programu ya kuanzia

Ninapendekeza FlightGear kuliko zote. Ni ya bure kabisa, watu wa kujitolea wamekuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1990, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Faili lake la kusakinisha lina karibu gigabaiti mbili. Lipakue mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, kwenye saiba au maabara ya kompyuta, ulitie kwenye flashi na kuwagawia wenzako. Leseni yake inaruhusu. Mandhari ya dunia hupakuliwa kwa vipande, kila kipande mraba wa digrii moja kwa digrii moja, kwa hiyo huna haja ya kununua bando la kupakulia nchi usizozihitaji. Miji ya Kericho na Bomet imo katika mraba mmoja, ule unaoanzia digrii 35 mashariki na kushuka kusini kutoka ikweta. Mraba wa magharibi yake una Kisumu, wa kaskazini yake una Eldoret. Ongeza mraba wenye Mombasa, na kwa mazoezi ya kutua ya makala haya utakuwa umetosheka; kwa safari ya mwisho utahitaji pia miraba ya njia ya kutoka Nairobi. Kompyuta ikisuasua, zima vivuli, punguza miti na umbali wa kuona. Ndege haihitaji miti ili ifundishe.

X-Plane ya kampuni ya Laminar Research ni ya kulipia, lakini ina toleo la majaribio la bure, na huja na Plane Maker, chombo cha kuchorea ndege yako mwenyewe. X-Plane hukata bawa katika vipande vidogo na kupiga hesabu ya nguvu ya hewa kwenye kila kipande, jambo linalofanya makosa ya mjenzi yaonekane upesi. Inahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Microsoft Flight Simulator ina mandhari ya kuvutia sana, lakini toleo lake la 2020 linadai zaidi ya gigabaiti 100 na si mahali pa mtu wa kawaida kuanzia kujenga. Mwenye simu pekee anaweza kununua SimplePlanes kwa bei ndogo: unaunganisha vipande, na programu inakuonyesha kwa tufe jekundu mahali uzito ulipokusanyika na kwa tufe la buluu mahali nguvu ya kuinua ilipokusanyika. Kwa somo la usawa wa ndege, matufe hayo mawili yanatosha kabisa.

Jostiki ni nzuri ukiipata. Usipoipata, kipanya kinaongoza ndege vizuri kuliko vishale vya kibodi, kwa sababu vishale husukuma usukani kwa mikupuo na kutua kunataka mkono mwepesi.

Tua ya mwenzako kwanza

Hili nalisisitiza. Usijaribu kutua ndege uliyoijenga mwenyewe kabla hujatua vizuri, mara nyingi, ndege iliyojengwa na wengine. La sivyo, ikianguka hutajua kama kosa liko kwenye bawa au mkononi mwako.

FlightGear huja na Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Iweke kwenye uwanja wa Moi, Mombasa, ambao jina lake la msimbo ni HKMO. Uko mita 61 tu juu ya bahari na njia yake kuu ina mita 3,350, mara kadhaa ya urefu unaohitajiwa na ndege hiyo. Kwenye ukurasa wa kuchagua mahali pa kuanzia, usichague kuanza juu ya lami. Chagua kuanza hewani, umeelekea uwanja, maili tatu za baharini kabla ya kuufikia. Kwa njia hiyo unapata kutua mara kumi katika muda ambao mwenzako anaruka na kuzunguka mara mbili.

Sasa hesabu za kushuka. Mteremko wa kawaida wa ndege kuelekea uwanja ni wa digrii tatu, na digrii tatu maana yake ni kushuka futi 300 hivi kwa kila maili ya baharini. Ukiwa maili tatu nje unatakiwa uwe futi 900 hadi 1,000 juu ya uwanja. Mwendo wa kushuka kwa dakika unaupata kwa kuzidisha kasi yako ya ardhini kwa tano: noti 70 zinakupa futi 350 kwa dakika. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, na vipimo vya ndege huhesabu kwa noti na futi hata hapa kwetu, kwa hiyo vizoee.

Shusha flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoliongezea uwezo wa kubeba kwa mwendo mdogo. Kwenye kibodi ya FlightGear ni alama ya mabano ya mraba: la kufunga hushusha, la kufungua hupandisha. Punguza injini hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Tafuta noti 65 kwenye kipima mwendo, kisha tumia vitufe vya Home na End kuweka trimu, ambayo hushikilia pua mahali pake bila wewe kusukuma. Mtu anayepambana na usukani njia nzima amesahau trimu. Ukiona unapoteza noti 65, sogeza pua. Ukiona uko juu au chini ya mteremko, badilisha nguvu ya injini. Wapo marubani wanaofundisha kinyume cha hapo, na kwa ndege kubwa wana hoja, lakini kwa ndege ndogo yenye propela njia hii ndiyo inayomtuliza anayeanza.

Pembeni mwa njia za viwanja vikubwa kuna taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Nyeupe mbili na nyekundu mbili zinasema uko sawa. Nyeupe zote, uko juu mno. Nyekundu zote, uko chini mno. Ongeza injini mara moja, usingoje.

Sehemu inayowashinda wengi ni sekunde chache za mwisho. Wanaitazama lami iliyo chini ya pua, wanaiona ikija mbio, wanavuta usukani kwa hofu na ndege inapanda tena. Inua macho uangalie mwisho wa mbali wa njia. Ukifika kimo cha nyumba ya ghorofa moja, rudisha injini hadi chini kabisa na uanze kuinua pua kidogo kidogo, kana kwamba unaizuia ndege isiguse. Karibu na ardhi bawa hubeba zaidi kidogo kuliko likiwa juu, kwa hiyo ndege itaelea. Iache ielee. Magurudumu ya nyuma yaguse kwanza, la pua lifuate baadaye. Ukigusa kwa kushuka chini ya futi 200 kwa dakika, hapo umetua vizuri.

Ikidunda, usiifukuze lami kwa kusukuma pua chini. Hivyo ndivyo gurudumu la pua linavyovunjika, kwenye programu na kwenye ndege ya kweli. Weka injini nguvu zote, pandisha flapu hatua moja, panda, zunguka, rudi. Kupaa upya si aibu. Marubani wa mashirika makubwa hufanya hivyo wakiwa na abiria.

Kaeni wawili mnapofanya mazoezi. Mmoja anaongoza, mwingine anasoma kipima mwendo kwa sauti: sitini na nane, sitini na tano, sitini na mbili. Macho ya anayeongoza yabaki nje. Wenye kompyuta moja kati ya watu watano wasijione wanyonge hapa. Wanaosoma vipimo wanajifunza karibu sawa na anayeshika usukani.

Hewa ya kwetu

Ukishatua Mombasa bila kudunda, hamia Eldoret, msimbo HKEL. Uwanja huo uko mita 2,116 juu ya bahari, kimo kinachokaribiana na cha Kericho, lakini una njia ya mita 3,500. Unakupa hewa ya mlimani na nafasi ya kukosea.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kipima kimo. Kinaonyesha kimo juu ya bahari, si juu ya ardhi. Ukiwa umesimama kwenye lami ya Eldoret kinasoma karibu futi 6,940. Kwa hiyo maili tatu nje kitafute kisome futi 7,900 hivi. Aliyezoea Mombasa na namba 1,150 akishuka Eldoret kwa mazoea hayo atajikuta ndani ya mahindi.

La pili ni hewa yenyewe. Kwenye usawa wa bahari, katika hali ya kawaida, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Kwenye mita 2,000, mchana wenye joto la nyuzi 24, ni karibu kilo 0.93. Robo ya hewa haipo. Bawa halina kitu cha kutosha cha kushika, propela halina cha kutosha cha kusukuma, na injini ya kawaida isiyo na turbo inapata hewa pungufu ya kuchomea mafuta, hivyo nayo inapoteza karibu robo ya nguvu. Joto linaongeza tatizo: kwa ndege, mita 2,000 za mchana huo ni kama mita 2,800 za siku ya kawaida. Ndiyo sababu katika nyanda za juu asubuhi ni rafiki wa ndege ndogo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kipima mwendo cha ndege hupima msukumo wa hewa, na bawa nalo linategemea msukumo huo huo. Kwa hiyo Eldoret bado utashuka kwa noti 65 zile zile. Ila kwa kuwa hewa ni nyepesi, ndege inakwenda mbio zaidi ili kupata msukumo sawa: noti 65 za kwenye kipimo ni karibu 67 za kweli Mombasa siku ya joto, na karibu 75 Eldoret. Anayeanza huona ardhi inapita haraka, anafikiri amezidisha mwendo, anapunguza. Bawa linaacha kubeba, ndege inaanguka kabla ya lami. Amini kipimo, usiamini kasi ya majani ya pembeni. Na kwa kuwa nishati ya kusimamisha huongezeka kwa mraba wa kasi, tarajia kutumia robo zaidi ya lami kuliko pwani.

Cessna 172 ya FlightGear pia ina kishiko chekundu cha kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa injini. Pwani unakisukuma chote ndani. Eldoret ukifanya hivyo injini inapata mafuta mengi kuliko hewa na inakohoa. Kabla ya kuruka, weka injini kwenye mizunguko mingi na uvute kishiko taratibu hadi mizunguko ifikie kilele, kisha kirudishe ndani kidogo.

Bawa la Mombasa na bawa la Kericho

Sasa unaweza kujenga. Tuchukue ndege ya watu wawili yenye uzito wa kilo 600 ikiwa imejaa, na tuseme mwendo wake wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba uwe noti 40, yaani mita 20.6 kwa sekunde.

Eneo la bawa linapatikana hivi. Chukua uzito kwa nyutoni: 600 mara 9.81 ni 5,886. Chukua nusu ya msongamano wa hewa, uzidishe kwa mraba wa mwendo: kwa hewa ya bahari unapata karibu 260. Zidisha kwa uwezo wa bawa, namba ambayo kwa bawa la kawaida lenye flapu ni kama 1.8: unapata 468. Gawanya 5,886 kwa 468. Jibu ni mita za mraba 12.6.

Hilo ni bawa la Mombasa. Ukitaka ndege hiyo hiyo iguse lami ya Kericho kwa kasi ile ile ya kweli ya ardhini, weka 0.93 badala ya 1.225 na upige hesabu upya. Utapata karibu mita za mraba 16.6. Mita nne za ziada ndizo bei ya kuishi juu. Injini nayo: ukiona nguvu za farasi 75 zinakutosha, panga injini ya nguvu za farasi 100, kwa sababu robo itabaki bondeni.

Kwa bawa la mita 16.6 lenye urefu wa mita 11 kutoka ncha hadi ncha, upana wa wastani kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni mita 1.5. Kitovu cha uzito wa ndege nzima kiwe karibu robo ya upana huo kutoka ukingo wa mbele, yaani sentimita 37 hivi. Kikisogea mbele kidogo, ndege inakuwa nzito upande wa pua lakini tulivu. Kikirudi nyuma sana, umekwisha. Umewahi kuona pikipiki iliyofungwa magunia ya majani chai nyuma kabisa ya ekseli ikipanda mlima: gurudumu la mbele linaelea na usukani haumsikii dereva. Ndege yenye uzito nyuma hufanya hivyo ikiwa hewani, na haina mguu wa kuweka chini.

Mkia ndio unaoshikilia usawa huo. Kanuni ya kuanzia: zidisha eneo la bawa kwa upana wake wa wastani, chukua asilimia 60 ya jibu, ugawanye kwa umbali kutoka bawa hadi mkia. Kwa mfano wetu, mkia ukiwa mita 4.5 nyuma, bawa la mkia linalolala liwe na mita za mraba 3.3. Lile lililosimama liwe na karibu 1.6. Wanaoanza huchora mikia midogo kwa sababu inapendeza. Ndege yenye mkia mdogo hukosa uwezo wa kuinua pua wakati wa kutua, na hapo mwenye ndege hulaumu mkono wake.

Magurudumu mawili makuu yakae nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili la pua libebe kama sehemu moja ya kumi ya mzigo. Yakikaa mbali sana nyuma, pua haitainuka wakati wa kuruka. Yakikaa mbele, ndege itakalia mkia. Nyuma ya mwili wa ndege paachwe nafasi ya kuinua pua digrii 12 au zaidi bila mkia kukwaruza. Ncha ya propela iwe juu ya ardhi kwa sentimita 18 angalau. Kwa viwanja vyetu vya nyasi na murramu ongeza.

Katika FlightGear kuna njia mbili kuu za kuandika ndege. JSBSim inataka namba zilizopimwa, na ni ya waliokwisha kuzoea. YASim ndiyo ya kuanzia: ni faili la maandishi matupu ambalo unaliandika hata kwa Notepad, unataja kwa mita bawa linaanzia wapi, lina urefu gani, mkia uko wapi, magurudumu, matangi, injini na uzito wake. Mhimili wa kwanza wa vipimo huelekea mbele, wa pili kushoto, wa tatu juu. Halafu unaiambia mwendo wa kushukia na mwendo wa safari, nayo inatafuta yenyewe nguvu za hewa zinazolingana na namba hizo.

Hapo pana hatari moja ambayo lazima uijue: YASim inakuamini. Ukiiandikia kwamba ndege yako ya kilo 600 yenye bawa la mita sita hushukia kwa noti 25, itakupa bawa la miujiza. Itaruka vizuri sana na haitakufundisha chochote. Kwa hiyo piga ile hesabu ya bawa kwa kalamu kwanza, uzidishe mwendo wa chini kabisa kwa 1.3 kupata mwendo wa kushukia (kwa mfano wetu wa mita 12.6 ni noti 52), kisha ndipo uandike. Toleo kamili la FlightGear lina pia kichombo kinachoitwa yasim ambacho hulisoma faili lako na kukuchapia matokeo, pamoja na mahali kitovu cha uzito kilipoangukia. Kisome kabla ya kuruka, si baada ya kuanguka.

Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, na uandike kwenye daftari. Ukiongeza bawa, ukasogeza injini na kubadilisha mkia kwa pamoja, ndege ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Milima na mvua

Uwanja mdogo wa Kerenga, Kericho, umezungukwa na chai, na chai humea pale mvua inaponyesha karibu kila alasiri. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikirushwa juu ya mashamba ya chai kutia chembechembe za iodidi ya fedha ndani ya mawingu ili kupunguza mawe hayo. Fikiria kazi ya rubani yule: wingu ambalo wengine wote hulikimbia, yeye analifuata.

Kwenye programu unaweza kuyaweka mawingu hayo. Weka asubuhi shwari kwanza, kisha alasiri yenye wingu la futi 1,500 juu ya ardhi na upepo wa pembeni wa noti 10. Kisumu (HKKI) ni pazuri kwa zoezi la upepo, kwa sababu alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu. Siku isiyo na upepo shuka kwa njia ya 06, ukitokea juu ya maji, ambako hakuna kilima cha kukutisha.

Baada ya hapo ruka safari nzima, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Kericho. Ramani inaonyesha mstari mfupi, lakini katikati kuna Bonde la Ufa na kingo za Mau. Watu wa Bomet wanaijua njia hiyo kwa huzuni. Tarehe 10 Juni 2008, Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik na waziri msaidizi, walikufa pamoja na waliokuwa nao pale ndege yao ndogo iliyotoka Wilson kuelekea Kericho ilipoanguka Enoosupukia, katika Narok. Ilikuwa siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Ninawataja kwa heshima, na kwa sababu mtu anayeketi kwenye kiti cha plastiki Sigor akiirusha njia hiyo kwenye skrini anapaswa kujua kwamba vilima vile ni vya kweli.

Irushe kwa utaratibu wa kweli basi. Kabla ya kuondoka, andika kimo cha juu kabisa cha ardhi kwenye njia yako na uongeze futi 2,000. Andika mahali utakapogeuka wingu likishuka, na uamue hapo chini, ukiwa na akili iliyotulia. Ukifika mahali hapo na mbele huoni, geuka. Programu itakuruhusu kuendelea, usikubali. Zoezi la kugeuka lina thamani kubwa kuliko lile la kutua, nami ningependa kila kijana anayeingia kwenye mchezo huu alifanye hadi lisimwumize.

Kutoka skrini kwenda nje

Saa za programu ya nyumbani hazihesabiki kuwa saa za urubani. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi hudai umri wa miaka 17, uchunguzi wa afya na, kwa kawaida, angalau saa 40 za kuruka. Nchini Kenya mwenye mamlaka ni Kenya Civil Aviation Authority, na shule nyingi za urubani ziko Wilson. Mamlaka hiyo hiyo ndiyo inayosimamia droni. Na wazo la kujenga ndege ya chuma nyuma ya nyumba na kuijaribu shambani liache kabisa bila ukaguzi wao. Hesabu iliyokosewa kwenye YASim hufutwa kwa kitufe.

Urubani ni ghali, lakini si mlango pekee. East African School of Aviation, Embakasi, hufundisha watu wa kuongoza safari za anga na kazi nyingine za usafiri wa ndege, na mafundi wa ndege wanahitajika kila mahali ndege zinapotua. Waombaji hutakiwa kuwa na msingi wa hesabu, fizikia na Kiingereza, kwa hiyo mwenye miaka miwili ya sekondari iliyobaki ana muda wa kujipanga. Ukienda kuuliza nafasi, beba daftari lako la majaribio likiwa na eneo la bawa, kitovu cha uzito, mwendo wa kushukia na kilichotokea kila ulipobadilisha kimoja kati ya hivyo.